Bunduki ya .22 Huhukumiwa kwa Risasi Yake

Mnunuzi wa bunduki ya .22 ya komeo kwa ajili ya mchezo wa shabaha huanza kuipima kwa macho. Hutazama unene wa mtutu, mbao za kitako, ukubwa wa darubini na jina la kiwanda. Hayo yote yana nafasi yake, lakini hayamwambii jambo analotaka kulijua, yaani kama risasi ya hamsini itatua pale ilipotua ya kwanza. Ninavyoona, ubora wa bunduki hii haukai ndani ya bunduki peke yake. Uko katika kupatana kwa chemba yake na fungu moja la risasi, yaani risasi zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na mapatano hayo hayajulikani mpaka matundu mengi yapimwe kwenye karatasi.

Sababu imo katika umbo la risasi yenyewe. Risasi ya .22 Long Rifle ilitolewa Marekani na kampuni ya Stevens mwaka 1887, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi za bunduki kubwa. Huwekwa ikiwa mbichi, kisha husambazwa kuzunguka ndani ya ukingo wa ganda. Pini ya bunduki huuponda ukingo huo mahali pamoja tu. Ikiwa fataki ni nzito upande mmoja na hafifu upande wa pili, au ukingo wenyewe una unene tofauti, moto hauwaki sawasawa, na kwa kuwa baruti iliyomo haifiki hata gramu 0.2, kasoro ndogo huonekana mara moja kwenye mwendo. Mlenga shabaha wa bunduki kubwa anaweza kujipimia baruti nyumbani na kujaza maganda yake upya. Wa .22 hana njia hiyo, anapiga alichotengenezewa.

Tuchukue hesabu. Kichwa cha risasi cha gramu 2.6 kinachotoka mtutuni kwa takriban mita 325 kwa sekunde hufika mita 50 baada ya sekunde 0.16 hivi, na njiani kimeshuka kama sentimita 12. Kikitoka pungufu ya mita 10 kwa sekunde, hutua chini zaidi kwa takriban milimita 8. Duara la alama 10 katika shabaha ya kimataifa ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Maana yake ni kwamba tofauti ya mwendo peke yake inaweza kumnyang’anya mpigaji alama, hata kama mkono wake haukutetereka na upepo umelala. Kwenye mita 100 tofauti hiyohiyo hupita sentimita 3. Kinachotafutwa basi ni mwendo usiobadilika, si mwendo mkali, na pakiti inayojivunia ukali si ya kukimbiliwa. Risasi za mashindano hutengenezwa makusudi ziende chini ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, kwa sababu kichwa kinachouvuka mpaka huo kikipunguza mwendo husukwasukwa na hewa.

Viwanda vyenyewe vinalijua hili. Eley wa Uingereza huchapa kwenye pakiti za risasi zake za mashindano namba ya fungu pamoja na mwendo wake uliopimwa. Lapua wana kituo huko Schönebeck, Ujerumani, ambako mpigaji hupeleka bunduki yake, ikafungwa kwenye mtambo usiotikisika, kisha yakajaribiwa mafungu mbalimbali ya risasi za jina lilelile mpaka lipatikane linaloipenda. Kama jina la risasi lingetosha, kazi hiyo yote ingekuwa ya bure.

Hapa hutokea pingamizi la haki: ikiwa risasi ndiyo kila kitu, kwa nini walenga shabaha wa Olimpiki hubeba bunduki za Anschütz kutoka Ulm badala ya bunduki yoyote ya dukani? Sikusema ni kila kitu. Bunduki nzuri haiongezi ubora wa risasi; inazuia usipotee. Chemba ya mashindano ni fupi na ya kubana, hivi kwamba komeo linapofungwa kichwa cha risasi kinakuwa tayari kimeanza kuuma mifereji ya mtutu, kikiwa kimenyooka. Chemba ya bunduki ya kawaida huachwa na nafasi ili ipokee risasi za kila aina, na katika nafasi hiyo kichwa laini cha madini ya risasi kinaweza kuingia upande. Kagua pia mdomo wa mtutu, kwa kuwa mkwaruzo mdogo hapo huacha gesi ivuje upande mmoja wakati kichwa kinaachia. Skrubu zinazoushika mtutu kwenye kitako zikazwe kwa nguvu ileile kila mara. Kifyatulio kiachie ghafla, bila kuburuta. Uzuri wa mbao za kitako ni wa macho tu, nami sioni haja ya kuulipia.

Wapo pia wanaosema kwamba mtutu hutikisika, na ukirekebishwa kwa kizito cha mdomoni, risasi ya polepole itatoka mtutu ukiwa umeinuka kidogo, kosa lijirekebishe. Ni kweli, lakini kwa umbali mmoja tu, na hakuna kizito kitakachokinyosha kichwa kilichopinda.

Linabaki suala la kupima, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana si ushahidi. Kwa hesabu za uwezekano, bunduki ileile na risasi ileile hutoa makundi ya risasi 3 yenye wastani wa upana wa chini kidogo ya theluthi mbili ya makundi ya risasi 10. Anayeonyesha kundi dogo anaonyesha idadi ndogo. Mimi humtaka muuzaji anionyeshe kundi baya, si zuri, kwa sababu siku ya mashindano hakuna risasi inayofutwa. Na kabla ya kuhukumu risasi ngeni, pigwe kadhaa zisizohesabiwa, kwani kila kiwanda kina mafuta yake kwenye vichwa, na mtutu huyazoea taratibu. Masizi magumu yanayojikusanya mbele ya chemba nayo yasafishwe. Mara nyingi bunduki inayodaiwa kuchoka ni chafu tu hapo.

Kwa mwenye kibali na uwanja halali wa shabaha, ushauri wangu ni huu: nunua bunduki ya kati yenye chemba nzuri, CZ ya Uherský Brod kwa mfano, na fedha inayobaki itumie kwenye mafungu manne au matano ya risasi za mashindano. Piga 50 za kila fungu ukiegemea mfuko wa mchanga, siku isiyo na upepo. Ukilipata linalokubaliana na chemba yako, nunua la msimu mzima siku hiyohiyo, maana likiisha dukani, hata pakiti yenye jina lilelile itakuwa ya fungu jingine, nawe utaanza kupima upya.