Kugawana, Kupokezana na Kuchangia: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili katika Kupima Upya wa Hataza za Mawasiliano Yasiyotumia Waya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika kueleza namna mtandao usiotumia waya unavyohudumia vifaa vya uwezo mdogo sambamba na vifaa vya uwezo mkubwa. Suala hili la kiufundi lina uzito wa kisheria, kwa kuwa upya wa dai la hataza hupimwa kwa kulinganisha maneno yake na yale yaliyokwisha kujulikana. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Jumla ya Istilahi, makala yanachunguza teknolojia tatu: redio ya stereo, Wi-Fi na LTE. Uchunguzi unaonesha kwamba neno "kushiriki" linaficha tofauti ambazo Kiswahili tayari kinazo katika vitenzi kugawana, kupokezana na kuchangia, na kwamba istilahi "kipimo data" inachanganya upana wa masafa na kasi ya data. Makala yanapendekeza istilahi mahususi na kueleza athari zake kwa sera.

1.0 Utangulizi

Mita ya maji inayotuma usomaji wake mara moja kwa siku haihitaji redio yenye nguvu sawa na ya simu inayotumiwa kutazama filamu. Mita inatakiwa iwe ya bei nafuu na betri yake idumu kwa miaka. Hata hivyo, mita na simu huenda vikasikiliza mnara uleule, katika masafa yaleyale. Mtandao uliosanifiwa kwa ajili ya simu utaihudumiaje mita bila kuilazimisha ibebe gharama za simu? Majibu ya swali hili yameombewa hataza nyingi, na mtengenezaji wa mita anayefuata kiwango cha kimataifa anaweza kudaiwa mrabaha kwa sababu ya hataza hizo. Kwa hiyo, kujua ni jibu lipi lilikuwa jipya na ni lipi lilikwisha kujulikana ni suala linalogusa bei ya mita.

Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Agizo hilo haliwezi kuishia kwenye hotuba na vitabu vya fasihi. Mshauri wa sera anayeandaa muhtasari wa Kiswahili kuhusu hataza ya mawasiliano anahitaji maneno yatakayomwezesha msomaji kufikia uamuzi sahihi. Makala haya yanachunguza iwapo maneno hayo yapo, na kama yapo, kwa nini hayatumiki.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Jumla ya Istilahi iliyoasisiwa na Eugen Wüster. Nadharia hii huanza na dhana kabla ya neno, na inasisitiza kwamba katika uwanja mmoja kila dhana iwe na istilahi yake na kila istilahi iwakilishe dhana moja. Msisitizo huo umekosolewa kwa kupuuza muktadha, na ukosoaji huo una mashiko hasa katika hataza. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inamruhusu mwombaji kulipa neno maana yake mwenyewe, mradi aifafanue waziwazi katika hati yake. Pamoja na udhaifu huo, nadharia inafaa kwa lengo la makala haya: dhana mbili zikibebwa na neno moja, msomaji hawezi kuona mahali dai linapoanzia kuwa jipya.

Kwa ajili ya uchambuzi, makala yametunga dai moja la mfano lenye sehemu nne. Kwanza, mnara unarusha mawimbi katika ukanda mpana wa masafa. Pili, sehemu nyembamba ya ukanda huo inatengwa kwa ajili ya vifaa visivyoweza kupokea ukanda mzima. Tatu, taarifa zote za udhibiti zinazohitajiwa na vifaa hivyo hutumwa ndani ya sehemu hiyo nyembamba. Nne, vifaa vya uwezo mkubwa vinaendelea kuhudumiwa katika ukanda huohuo. Kanuni ya kupima upya ni kali: ili dai lihesabike kuwa si jipya, sehemu zake zote lazima zipatikane katika chanzo kimoja kilichotangulia. Zikipatikana kwa kuunganisha vyanzo kadhaa, hoja huhamia kwenye swali jingine, yaani iwapo mtaalamu wa kawaida angeona muungano huo kuwa dhahiri.

3.0 Vitenzi Vitatu vya Jambo Linaloitwa Moja

Programu za simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimelizoesha jicho neno "shiriki" kila mahali penye kutumiana picha, faili au mtandao. Kutokana na mazoea hayo, mfasiri anayekutana na dai kama lile la mfano hupata kishawishi cha kuandika kwamba vifaa "vinashiriki masafa". Sentensi hiyo inaeleweka, lakini haisemi vinashiriki vipi. Mifano mitatu ifuatayo inaonesha kwamba jibu la "vipi" ndilo linaloamua.

Mfano wa kwanza ni redio ya stereo ya FM, ambayo mfumo wake uliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1961. Wasanifu wake walikuwa na tatizo linalofanana na la mita: redio nyingi zilizokuwa majumbani zilikuwa na spika moja na hazikujua lolote kuhusu stereo. Walichofanya ni kurusha jumla ya sauti ya kushoto na ya kulia mahali palepale ambapo redio ya zamani ilizoea kusikiliza, yaani chini ya kilohezi 15. Tofauti ya sauti hizo mbili iliwekwa juu zaidi, kandokando ya kilohezi 38, na alama ya mwongozo ikawekwa kwenye kilohezi 19. Redio ya zamani ilipokea jumla na kupuuza mengine. Redio mpya ilipokea vyote na kutenganisha pande mbili. Hapa hakuna sehemu iliyotengwa kwa ajili ya redio ya uwezo mdogo peke yake, kwani ile jumla inatumiwa na redio zote mbili. Kitenzi kinachofaa ni kuchangia, kwa maana ile ya wapangaji wanaochangia ua au kisima.

Mfano wa pili ni Wi-Fi. Kiwango cha IEEE 802.11b cha mwaka 1999 kilifikia megabiti 11 kwa sekunde. Kiwango cha 802.11g cha mwaka 2003 kilifikia megabiti 54 katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, lakini kwa mtindo wa urushaji ambao vifaa vya 802.11b havikuweza kuufasiri. Ili vifaa vya zamani visirushe mawimbi juu ya mazungumzo ambayo havikuyaelewa, kifaa kipya kilitanguliza tangazo fupi kwa mtindo wa zamani, likitaja muda ambao hewa ingekuwa imeshikwa. Kifaa cha zamani kilisikia tangazo na kunyamaza hadi muda uishe. Gharama yake ilikuwa kupungua kwa kasi ya mtandao mzima. Kitenzi hapa ni kupokezana: kila kifaa kinapata zamu katika chaneli moja.

Mfano wa tatu ni LTE, mtandao wa kizazi cha nne uliosanifiwa na 3GPP. Katika Toleo la 8, lililokamilika mwaka 2008, mnara unaweza kutumia ukanda wa hadi megahezi 20, lakini alama za ulinganifu na tangazo la msingi la mnara hukaa katikati, kwenye upana wa megahezi 1.08, bila kujali ukubwa wa ukanda mzima. Kifaa kinaweza kuutambua mnara kabla ya kujua upana wake. Msomaji wa haraka angedhani kwamba dai la mfano limekwisha kutanguliwa. Sivyo. Chaneli ya udhibiti katika toleo hilo imetandazwa katika ukanda mzima, kwa hiyo kifaa kilichoutambua mnara kupitia sehemu nyembamba bado kinalazimika kuusikiliza ukanda wote ili kipate maelekezo. Sehemu ya tatu ya dai haimo. Toleo la 11 lilisogeza hatua moja mbele kwa kuleta chaneli ya udhibiti inayokaa kwenye vipande vichache vya ukanda, lakini taarifa za udhibiti zinazohusu vifaa vyote zilibaki katika chaneli pana. Ni katika Toleo la 13, lililokamilishwa mwaka 2016, ambapo kifaa cha daraja la M1 kiliweza kuhudumiwa ndani ya megahezi 1.4, na kifaa cha NB-IoT ndani ya kilohezi 180 zinazoweza kuwekwa ndani ya ukanda wa LTE. Kitenzi kinachotawala hapa ni kugawana: kila upande una fungu lake.

Mipaka ya vitenzi hivi haipaswi kutiwa chumvi. Mifumo halisi huchanganya njia. Vifaa vya daraja la M1, kwa mfano, hupangiwa fungu na pia zamu. Vilevile, kuchangia kuna maana nyingine ya kutoa mchango, na mfasiri atalazimika kuiainisha kwa muktadha. Pamoja na hayo, sentensi inayosema "vifaa vinagawana masafa" inaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa kutazama chanzo kilichotangulia, na hiyo ndiyo kazi ambayo "vinashiriki masafa" haiwezi kuifanya.

4.0 Tatizo la "Kipimo Data"

Istilahi "kipimo data" imeenea katika programu zilizotafsiriwa. Udhaifu wake ni kwamba inabeba dhana mbili: upana wa masafa, unaopimwa kwa hezi, na kasi ya data, inayopimwa kwa biti kwa sekunde. Kwa mtumiaji anayetaka kujua kama video yake itakatika, mchanganyiko huo hauleti madhara makubwa. Kwa msomaji wa hataza, unaweza kubatilisha hitimisho zima.

Ushahidi uko ndani ya LTE yenyewe. Toleo la 12 lilianzisha kifaa cha daraja la 0, chenye antena moja ya kupokelea na kasi ya juu ya megabiti 1 kwa sekunde. Kifaa hicho bado kilitakiwa kupokea ukanda mzima wa megahezi 20. Kifaa cha daraja la M1 cha Toleo la 13 kina kasi ya takribani megabiti 1 pia, lakini upana wake ni megahezi 1.4. Muhtasari unaosema kwamba vyote viwili ni "vifaa vya kipimo data kidogo" hauna kosa la sarufi wala la kamusi. Hata hivyo, utamfanya mshauri wa sera aamini kwamba Toleo la 12 lilikwisha kufichua kile kinachodaiwa, ilhali upunguzaji wa upana, ambao ndio kiini cha dai, haukuwamo. Makala yanapendekeza "upana wa masafa" na "kasi ya data" zitumike kama istilahi mbili, na "kipimo data" iachwe katika matumizi ya kila siku.

Onyo kama hilo linahusu pia "vifaa duni". Neno duni hutoa hukumu ya ubora, na linaweza kujumuisha simu kuukuu au iliyoharibika. Kifaa cha uwezo mdogo kimepunguziwa uwezo kwa makusudi, na dai hutaja ni uwezo gani. Istilahi "kifaa cha uwezo mdogo" inafaa, mradi uwezo unaohusika utajwe.

5.0 Kutoka "Sanaa ya Awali" hadi "Maarifa Yaliyotangulia"

Dhana inayobeba mjadala huu wote hufasiriwa wakati mwingine kwa tafsiri sisisi ya "sanaa ya awali". Kihistoria tafsiri hiyo si ya ajabu, kwa kuwa sanaa lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya ufundi wa mikono. Kwa msomaji wa leo, hata hivyo, sanaa ni uchoraji, uchongaji, muziki na maigizo. Wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo waliosomea sheria kwa Kifaransa wamezoea istilahi inayotaja hali ya ufundi, na Kijerumani kina istilahi inayofanana nayo. Lugha hizo mbili hazikuhitaji neno la sanaa.

Neno "awali" lina kasoro nyingine. Awali huelekeza mwanzoni, kana kwamba kinachotafutwa ni mambo ya kale. Kitenzi kutangulia, kinyume chake, hudai mtendwa: kumetangulia nini? Jibu la kisheria ni tarehe ya kuwasilisha ombi, au ya ombi la kwanza linalotegemewa. Hati ya mkutano wa viwango iliyowekwa hadharani wiki moja kabla ya tarehe hiyo imetangulia. Iliyowekwa siku moja baadaye haikutangulia, hata kama wazo lake ni lilelile. Kwa sababu hiyo, "maarifa yaliyotangulia" yanapendekezwa, kwa ufafanuzi kwamba ni yote yaliyowekwa wazi kwa umma kabla ya tarehe husika.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba upungufu unaolalamikiwa mara kwa mara, kuwa Kiswahili hakina maneno ya teknolojia, katika eneo hili si upungufu wa msamiati. Kugawana, kupokezana na kuchangia vimekuwapo siku nyingi; kilichokosekana ni nidhamu ya kuvitumia mahali pake.

Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kuwa maarifa yaliyotangulia kila kilichowekwa wazi popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo, kwa matumizi au kwa maonesho. Haibagui lugha. Maana yake ni kwamba ripoti ya mhandisi iliyochapishwa kwa Kiswahili Kigoma, Bujumbura au Bukavu inaweza kuzuia dai lililowasilishwa baadaye kwa Kiingereza. Lakini itaweza tu iwapo imeeleza jambo kwa usahihi unaomwezesha mtaalamu kulitekeleza. Ripoti inayosema kwamba vifaa "vilishiriki kipimo data" haitamzuia mtu yeyote. Inayosema kwamba mita ziligawiwa fungu la kilohezi 180 ndani ya ukanda wa megahezi 10, na kwamba maelekezo yake yote yalitumwa ndani ya fungu hilo, inaweza kusimama kama ushahidi. Vyombo vya kusanifu istilahi katika kanda vinashauriwa kuanza na dhana hizi chache, kwa kushirikiana na ofisi za hataza na wahandisi wa mawasiliano, kabla ya tafsiri zilizozoeleka kugeuka kuwa lugha ya sheria.