Ufundi wa Kupandisha Sauti katika Kiingereza

Kiimbo, yaani upandaji na ushukaji wa sauti katika tungo nzima, huanzia kooni, ambako nyuzi za sauti zikikazwa hutetemeka kwa kasi zaidi na kidatu kikapanda. Katika Kiingereza upandaji huo ni ufundi ambao maandishi hayauonyeshi ila kwa alama ya kuuliza, nayo mara nyingi humpotosha msomaji, kwa kuwa swali kama "Where do you live?" kwa kawaida hushuka mwishoni, ilhali swali la ndiyo au hapana hupanda. Uzuri wake hudhihirika zaidi katika kile kiswali kifupi kinachobandikwa mwishoni mwa kauli: anayesema "You've eaten, haven't you?" kwa kupandisha huuliza kweli, lakini akishusha huwa ana jibu lake tayari na anachotaka ni kuungwa mkono tu.

Lilias Armstrong na Ida Ward, wanafonetiki wa London, walipochapisha mwongozo wao wa kiimbo cha Kiingereza mwaka 1926, waliujenga juu ya ruwaza mbili za msingi, moja ikiishia kwa kushuka na nyingine kwa kupanda, mgawanyo ulio finyu kwa lugha hai, ingawa sikio la Armstrong lilikuwa pevu kweli kweli: ndiye aliyechunguza pia toni za Kikuyu, ambamo kidatu huweza kubadili maana ya neno lenyewe, katika kitabu kilichotoka mwaka 1940, baada ya kifo chake. Miongo kadhaa baadaye David Brazil, wa Birmingham, alieleza kwamba msemaji hushusha anapotangaza jambo jipya, na huishia juu anaporejelea lile analodhani msikilizaji analijua.

Wapo wanaokereka wasikiapo vijana wa Australia au Marekani wakipandisha hata kauli za kawaida, wakidai kuwa ni dalili ya kutojiamini. Lawama hiyo haina uzito, kwani huko Belfast kauli hupanda bila mtu kushukiwa woga, na msimulizi anayepandisha katikati ya kisa mara nyingi huhakikisha tu kwamba msikilizaji bado yuko naye, huku akimdokeza kuwa kisa hakijaisha.

Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye hutenganisha "Mgeni ameondoka" na "Mgeni ameondoka?" kwa kiimbo pekee, si mgeni wa ufundi huu; kilichobaki ajifunze ni mahali Kiingereza kinapoutumia, na hayo atayapata kwa kuwasikiliza wasemaji wenyewe kabla ya kukariri kanuni.