Sifa ya Fundi wa Matumbawe

Ukitoka mjini Unguja kuelekea kusini, ukaupita msitu wa Jozani na njia panda ya Kitogani, barabara itakufikisha Kizimkazi Dimbani. Hapo pana msikiti ambao kwa nje hauna makuu: kuta nene na paa la mabati. Mgeni asiyeambiwa hupita. Lakini ndani, kwenye ukuta wa kibla, yamo maandishi ya khati ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu yaliyosalia pwani ya Afrika Mashariki. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18. Mawe yale ya maandishi yakabaki.

Sogea uyatazame. Herufi hazikuchimbwa, zimeachwa zisimame, na jiwe linalozizunguka ndilo lililopunguzwa. Alifu na lamu zinapanda wima, kisha ncha zake zinachanua kama majani. Kazi ya namna hii haina kufuta. Patasi ikiteleza mara moja, herufi imekwenda.

Fundi alilijua jiwe lake. Matumbawe laini hukatwa baharini na kuchongwa yangali mabichi, maana yakishakaa juani hukakamaa. Mkono sharti uwe mwepesi, na jicho liwe limekwisha kupima. Matumbawe mengine yalichomwa kwa kuni hata yakawa chokaa, ikamwagiwa maji, ikaachwa itulie kabla ya kujengea.

Nje ya msikiti yapo makaburi ya zamani, nayo ni ya mawe na chokaa. Kule Scotland, katika viwanja vya makanisa vya karne ya 17 na 18, wachongaji waliweka juu ya makaburi fuvu, saa ya mchanga, hata nyundo au mkasi kuonyesha kazi ya marehemu. Kwetu sura hazikupendwa. Fundi alitegemea mstari na ukingo. Penginepo pwani, kama Tongoni na Kunduchi, alisimamisha nguzo na kupachika mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Maandishi ya Kizimkazi yanamtaja mkubwa aliyeamuru ujenzi. Aliyeshika patasi hakutajwa, ila kazi yake inasomeka baada ya miaka zaidi ya 900.

Siku hizi makaburi kama haya huharibiwa na watu wenye nia njema. Kaburi likipasuka, jamaa huchangishana, ukaletwa mfuko wa saruji. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe, tena huziba unyevu na chumvi. Chumvi ikikosa pa kutokea hulila jiwe kwa ndani, na lipu ikibanduka huondoka na nakshi. Chokaa hupitisha unyevu, na ikichakaa hupakwa upya bila kulidhuru jiwe.

Basi kabla hujanunua saruji, mtafute mwashi anayeijua chokaa. Mlipe haki yake, na mkabidhi kijana wa kumfundisha.