Nani Anamwagilia Bustani?

Safari hii sikuleta hadithi. Nimeleta ugomvi mdogo, na ugomvi wenyewe unahusu maua.

Chukua mashairi kumi ya mapenzi ya vijana wa rika letu. Katika mengi utakuta bustani, ndani ya bustani utakuta waridi, juu ya waridi umande, halafu mpenzi anaambiwa kuwa yeye ndiye majira ya kuchipua ya moyo wa mshairi. Umande sawa. Waridi nalo tunaweza kuvumiliana. Lakini hayo majira ya kuchipua, hapa kwetu Pwani, yanaangukia mwezi gani? Mimi nakaa Gwata. Tuna masika, Machi hadi Mei. Tuna kipupwe kuanzia Juni. Tuna vuli kuanzia Oktoba, kisha kiangazi cha kutoboa utosi. Majira ya kuchipua hayajapita kijijini kwetu hata kuomba maji ya kunywa.

Kuna atakayesema kuwa hilo ni suala la tafsiri tu. Sawa, tulitazame kama tafsiri. Wazungu wana majira manne na sisi tuna manne, basi tukagawana kama sahani za pilau. Majira yao ya joto tukayaita kiangazi. Majira ya majani kupukutika tukayaita vuli. Majira ya baridi kali yakapewa kipupwe. Hesabu imetimia, maana imepotea. Majira ya joto ya Uingereza ndiyo wakati wa majani mabichi na watu kukaa nje mpaka usiku. Kiangazi chetu ni vumbi, visima vinashuka, mbuzi wanatafuna makaratasi. Vuli yetu ni mvua na kupanda, vuli yao ni kuzeeka kwa mwaka. Na kipupwe, ambacho kwao ni miti mitupu, kwetu ndipo mwembe unapotoa maua na mkorosho unafuata. Kijana wa Kisarawe akisoma kuwa wapendanao walikutana bustanini wakati wa kiangazi, atawaonea huruma. Atauliza kwa nini hawakutafuta kivuli.

Wala sisemi kuwa watu wa pwani za baridi wanadanganya wanaposifu bustani zao. Tuwaelewe kwanza. Kent ni jimbo la kusini-mashariki ya Uingereza, upande unaotazamana na Ufaransa. Huko mwezi Desemba mchana ni karibu saa 8 tu. Mtoto anarudi kutoka shule na giza linaingia. Mwezi Juni mchana unapita saa 16. Huku kwetu tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki saa moja. Sasa mtu aliyekaa miezi akitazama udongo mtupu, upepo wa bahari unamkata masikio, siku akiona ua la kwanza limetoboa ardhi ana haki ya kuita majirani. Furaha yake ameilipia. Sisi tukiazima furaha hiyo bila kuazima ile baridi, ni kama abiria anayedai chenji na nauli hajatoa.

Yupo mwandishi mmoja aliyeishi pande zote mbili, naye ni Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, mjini Canterbury, jimbo lile lile nililolitaja. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Pwani ya baridi ameiandika: katika riwaya ya By the Sea ya mwaka 2001, mzee wa Kizanzibari anaingia Uingereza mwezi Novemba, baridi ndiyo inaanza, na anaishia mji mdogo kando ya bahari. Lakini bustani inayokumbukwa kuliko zote katika vitabu vyake aliipanda upande wetu. Imo katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Asiyekisoma aazime. Kikikosekana kijijini, mchange nauli mmoja akakifuate Dar.

Kisa kinatokea kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa Mdachi. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Anawekwa dukani pwani, na nyuma ya nyumba kuna bustani yenye ukuta. Katikati ina bwawa, na mifereji minne inaelekea pande nne. Kuna miti ya matunda, kuna kivuli, kuna maua ya kunukia. Kwa mtoto aliyetolewa kwao, hiyo ni pepo kweli, na jina la kitabu linatuvuta tuamini hivyo.

Hapa ndipo Gurnah anapotuzidi maarifa. Hatuachi tukae kwenye harufu. Anatuonyesha mikono. Bustani inatunzwa na Mzee Hamdani, ambaye aliletwa katika nyumba ile akiwa mtumwa. Bibi wa nyumba alipotaka kumpa uhuru, mzee alikataa kuupokea kama zawadi, kwa hoja kwamba uhuru haukuwa mali ya bibi hata augawe. Akabaki na miti yake. Yusuf anapoomba kumsaidia kazi, kila anachokiona kizuri kinageuka kuwa swali. Halafu kuna vile vioo vilivyotundikwa mitini. Mwanzoni ni pambo. Baadaye tunafahamu kuwa bibi aliyejificha ndani ya nyumba huitazama bustani kupitia vioo hivyo. Kumbe wewe ukistarehe humo, unatazamwa. Mwisho sitauharibu, ila niseme kuwa msomaji akifunga kitabu hawezi tena kuiona bustani bila kuuliza ni ya nani, na nani hana ruhusa ya kutoka.

Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono. Neno letu ni moja: ua la kunusa, na ua wa kuzungushia nyumba. Moja huzaa maua na jingine huzaa nyua, lakini katika umoja yanagongana. Ndani ya Peponi huwezi kulishika ua bila kugusa ua.

Msomaji anaweza kuniambia, "Sawa kaka, lakini sisi hatuna matajiri wenye mabwawa. Tuandike bustani gani?" Swali zuri. Kulijibu turudi Kent, safari hii ufukweni kabisa, mahali paitwapo Dungeness. Huko mtengenezaji filamu Derek Jarman alinunua nyumba ya mbao ya wavuvi mwishoni mwa miaka ya 1980. Pembeni ya nyumba hakuna udongo wa maana, ni kokoto za bahari. Kuna upepo wa chumvi. Kwa nyuma kilisimama kinu cha umeme wa nyuklia, ambacho sasa kimefungwa. Naye Jarman alikwishapimwa na kuambiwa, Desemba 1986, kwamba ana virusi vya UKIMWI, wakati ambapo dawa za kurefusha maisha tunazozijua leo hazikuwepo. Mtu huyo akaanza bustani. Alipanga mawe kwa miduara, akasimamisha vipande vya mbao vilivyotupwa na maji na vyuma vyenye kutu, akaiacha mimea inayozoea chumvi iote katikati yake. Uzio hakuweka. Alifariki Februari 1994, mwaka ule ule Paradise ilipotoka, na kitabu chake juu ya bustani kikachapwa mwaka uliofuata.

Nimewaweka pamoja makusudi. Mmoja ametupa bustani ya neema yenye ukuta, na ndani yake mtu hana hiari. Mwingine ametupa bustani ya kokoto isiyo na uzio, na ndani yake mgonjwa ana hiari yake yote. Lakini wote wawili hawaruki gharama. Ukisoma au kutazama kazi zao unajua maji yametoka wapi, upepo unapiga kutoka upande gani, na anayechimba anaumwa nini. Ndiyo maana ua likifunguka tunasadiki. Mashairi yetu yanaruka moja kwa moja kwenye kufunguka. Kwa hiyo hatusadiki, tunatikisa kichwa tu kwa adabu.

Na jamani, vitu vya kuandika tunavyo. Hapa Gwata kuna akina mama wanaootesha matembele nyuma ya jiko na kuyanywesha maji yaliyooshea vyombo, kwa sababu ndoo ya lita 20 haibebwi kichwani ili imwagwe ovyo. Kuna mtu ana mkilua mmoja tu pembeni ya bafu la makuti, na jioni njia nzima inajua. Kuna ile siku mvua ya kwanza ya masika inaposhuka, kumbikumbi wanatoka ardhini, watoto wanakimbia na mabeseni, na kesho yake mahali palipokuwa uwanja mwekundu panaanza kuwa kijani. Hiyo ndiyo furaha ya yule mtu wa Kent anapoona ua lake la kwanza, ila imevaa kanga. Imelipiwa na Januari na Februari.

Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne tu, riwaya yangu bado iko ndani ya kauntabuku tatu, sina cheo cha kumfundisha mtu. Lakini nimejiwekea sharti, nami nawapa bure. Kabla sijaandika ua, najiuliza maswali matatu: Ni mwezi gani? Maji yalibebwa na nani? Na ua ule uko ndani ya ua wa nani? Nikikosa jibu, nafuta mstari hata kama unaimba. Tayari nimepoteza kurasa kadhaa nilizokuwa nazipenda, na mhusika wangu mmoja, binti aliyekuwa ananusa tu waridi, sasa amepata ndoo, amepata shingo inayouma, na kwa mara ya kwanza ana jambo la kusema.

Washairi msinichukie. Toleo lijalo leteni bustani zenu, nami nitazisoma mstari kwa mstari. Ila mwenye majira ya kuchipua atuambie pia aliyaonea wapi, na kulikuwa na baridi kiasi gani.