Mganga ni Nani? Uhakiki wa Istilahi ya Tiba Asili nchini Rwanda

Tangu Bunge la Rwanda lilipokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, wafasiri wa Kigali wanakabiliwa na kazi ya kuzitafutia istilahi za Kinyarwanda visawe. Katika uwanja wa tiba, kisawe kilicho karibu zaidi ndicho chenye hatari zaidi. Kinyarwanda humtenga umuvuzi gakondo, anayetibu kwa mitishamba, na umupfumu, anayepiga ramli. Kiswahili huwaita wote wawili mganga. Tena nchini Tanzania jina hilohilo hubebwa na Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari. Kuongeza "wa kienyeji" hakutatui tatizo, kwani kunaleta dharau ya kikoloni bila kuleta utengano.

Suala hili si la kamusi tu. Umuravumba, mmea unaotumiwa vijijini kutibu kikohozi, ulichunguzwa na watafiti wa Butare katika miaka ya 1980, nao wakatenga ndani yake kiambata kinachodhibiti vijidudu. Njia ya kuufikia ilionyeshwa na matabibu wa jadi. Sera inayowachanganya na wapiga ramli itawanyima kibali wanaostahili, au itawapa wasiostahili.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 iliimarisha istilahi "tiba asili", lakini istilahi hiyo hutaja tiba, haimtaji mtu. Yafaa basi umuvuzi gakondo aitwe "tabibu wa jadi", na umupfumu "mpiga ramli". Wapo wanaofanya kazi zote mbili. Hiyo ni sababu zaidi ya kila kazi kuwa na jina lake.