Matundu mamia, ndege wangapi?

Juzi rafiki yangu wa Kibondo alinitumia picha ya mti ulioko London, shina lake limezungukwa na mamia ya visanduku vya mbao vyenye matundu. Akauliza: "Kaka, kwa nini tusitundike kitu kama hiki pale stendi?"

Kazi hiyo inaitwa Spontaneous City in the Tree of Heaven. Wasanii wa London Fieldworks waliiweka mwaka 2010 katika bustani ya Duncan Terrace, mtaa wa Islington. Visanduku vinaiga nyumba za jirani, za kizamani na magorofa ya umma, na vimejazana kama uyoga kwenye gogo. Kama sanaa naikubali bila kinyongo.

Kama makazi ya ndege, hapo ndipo tunapogombana. Shomoro hawana neno, wanaweza kutaga ukuta kwa ukuta. Lakini ndege wadogo wengi wanaotaga matunduni hulinda eneo: mmoja akishaingia, wa jamii yake hufukuzwa. Msanii kahesabu milango. Ndege anahesabu wadudu wa kulisha makinda.

Linganisha na Lynne Hull wa Marekani. Kule Wyoming miti ni haba, hivyo tai na mwewe walikuwa wakitua kwenye nguzo za umeme na wengine kufa kwa shoti. Akawajengea sanamu za kutua na kuwekea viota, akishauriana na wataalamu wa wanyamapori. Alianzia kwenye shida ya ndege, umbo likafuata.

Sasa turudi Murungu. Ndege tunaowaona sana ni mnana, na mnana hataki sanduku lako, anafuma mwenyewe. Wenye shida ni wanaohitaji tundu kubwa kwenye mti mzee. Jike la hondohondo hujifungia humo kwa udongo, akaacha upenyo mwembamba tu wa kulishwa na dume. Mti mkavu wenye tundu ndio kuni rahisi kuliko zote, kwa hiyo miombo ikivamiwa huondoka mapema. Na mlembe je, yule anayewaongoza warina asali? Hajengi kabisa. Hutaga katika matundu ya ndege wengine, ya mitini na ya ardhini, na kinda lake huanguliwa na ndoano mdomoni ya kuua makinda ya mwenye nyumba. (Mkatili, ndiyo, lakini asali tunaila.) Wenyeji wake wakikosa matundu, naye hana pa kutaga.

Kutengeneza tundu kunawezekana. Afrika Kusini mumbi, hondohondo mkubwa anayetembea ardhini, wametaga na kulea kwenye viota vya kutengenezwa. Na sisi watu wa Kigoma tunachonga magogo na kuyatundika juu ya miti tangu zamani: ndiyo mizinga ya nyuki! Ukibadilisha mlango na kina, sanamu unayo, na mti wa kuitundika ni lazima ubaki umesimama.

Nimemjibu rafiki yangu: stendi iache, nitafutie fundi wa mizinga.