Manyoya ya Uzi wa Besi

Kijana alinifuata kabla ya mazoezi, gitaa la besi liko begani, uso umemshuka. "Shikamoo mzee. Hizi nyuzi nimeuziwa mbovu. Miezi miwili tu, tazama." Nikaitikia, nikawasha tochi ya simu na kuulaza mwanga juu ya pikapu. Kwenye uzi wa D na uzi wa G, pale pale vidole vya mkono wa kulia vinapocharazia, palikuwa pameota manyoya meupe, membamba kama ya shati la pamba lililofuliwa mara nyingi. Kwenye G alikuwa ameshaanza kuyavuta kwa kucha, na utando ukamfuata. Utepe wa urefu wa kidole ulikuwa umeambuka na kuacha waya uchi.

"Uzi wa D hauna neno," nikamwambia. "Wa G umeuua mwenyewe."

Sikumlaumu sana. Seti moja ya nyuzi zenye utando mara nyingi inakaribia bei ya seti mbili za kawaida, kwa hiyo mtu akiona kitu kinabanduka anajiona ameibiwa. Lakini hakuna utando usiochubuka. Freti za chuma ziko chini, kucha na ngozi ngumu ya vidole viko juu, na katikati kuna plastiki nyembamba kuliko unywele. Mimi huhukumu namna unavyochubuka: umeanzia wapi, umechukua umbo gani, na chuma kilichobaki chini kina hali gani.

Kwanza tujue ni nini kinachobanduka. Kwenye nyuzi zilizoufanya mtindo huu ujulikane, utando ni wa jamii ya ile plastiki inayopakwa kwenye kikaango ili yai lisigande. Roy Plunkett aliigundua mwaka 1938 akiwa kazini DuPont, Marekani. Mwaka 1969 Bob Gore alipasha moto kijiti cha plastiki hiyo akakivuta kwa ghafla. Badala ya kukatika, kikarefuka ajabu na kubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho, na huko ndiko yalikotoka makoti ya mvua ya Gore-Tex. Miaka ya 1990 mhandisi wa kampuni ya Gore, Dave Myers, ambaye kazi yake hasa ilikuwa vifaa vya kupandikizwa moyoni, alifunika nyaya za gia za baiskeli yake kwa plastiki ya namna hiyo. Wazo likahama kutoka kwenye baiskeli hadi kwenye gitaa, na mwaka 1997 nyuzi za Elixir zikaingia sokoni. Sifa ya plastiki hii ni kwamba haishikwi na kitu, na hapo hapo ndipo penye taabu yake, kwani nayo haipendi kushikamana na chuma. Inabidi ilazimishwe.

Kuhusu kilichomo ndani: uzi wa besi una kiini cha feleji, na juu yake waya umezungushwa mzingo kwa mzingo, kwa kawaida chuma kilichopakwa nikeli au chuma kisichoshika kutu. Adui anaingilia kwenye mifereji iliyo kati ya mizingo. Jasho, mafuta ya mwili na ngozi iliyokufa hujaa humo, chumvi ikala waya, na uzito wa uzi ukaacha kuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Anayepiga usiku kucha Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa habari ya chumvi, maana hewa yenyewe inayo.

Utando unawekwa kwa njia mbili, na kosa kubwa ni kuzipima zote kwa kipimo kimoja. Kwa njia ya kwanza, uzi ukishazungushwa na kukamilika ndipo unapofunikwa wote, mifereji ikalala chini ya shuka moja. Kwa njia ya pili, waya unapakwa kabla, kisha ndio unazungushwa kwenye kiini. Shuka ikitoboka, kingo zake hunyanyuka, ndiyo manyoya yale. Waya uliopakwa kabla hautoi manyoya. Mgongo wa kila mzingo unang'aa tu pale utando ulipokwisha, huku mbavu zake bado zimefunikwa. Aliyezoea waya uliopakwa akiona manyoya hushtuka bure. Aliyezoea shuka naye akiona uzi msafi hudhani utando ungalipo, kumbe mgongoni uliondoka zamani. Zipo pia nyuzi za rangi, nyeusi na nyekundu na nyinginezo, ambazo hazifichi kidonda hata kimoja. Kwa mpenda sura ni mateso. Kwa anayetaka kujua mkono wake unapiga wapi hasa, sijaona mwalimu bora.

Sasa tuusome uzi wenyewe, tukianzia tumboni. Karibu kila mtu hutazama mgongo kwa kuwa ndio unaoonekana, lakini freti hula upande wa chini. Legeza uzi wa G, unyanyue kati ya freti ya 5 na ya 9, kisha pitisha ukucha taratibu kwa chini. Utahisi vidato, kimoja kwa kila freti. Uzi mzuri uliopigwa miezi mitatu unatoa vidato vifupi vyenye kingo laini, na utando umekatika hapo tu, umekonda kidogo kidogo kama pindo la kanzu lililoburutwa. Uzi mbaya umechanika kutoka kidato hadi kidato. Ukucha unakwama, halafu unasukuma kitu kinachoteleza juu ya chuma. Utando wa hivyo umekuwa soksi iliyolegea. Soksi ikilegea, uzi hutoa mkwaruzo mdogo ambao fundi atautafuta kwenye daraja, atautafuta shingoni, atakunyooshea na shingo yenyewe kwa hela yako, na bado utausikia.

Pale pa kucharazia, umbo ndilo linalosema. Manyoya mafupi, yaliyosimama, yanayoishia pale mkono unapoishia, ni uchakavu wa halali. Utando umesagika ukabaki nyuzinyuzi, kama kamba ya katani inavyofumka mwishoni. Hayo hayanitishi. Utepe ni habari nyingine. Ukiona ukanda unaofuata mzingo, mpana, ncha zake zimekatika wima, ujue utando haukusagika bali uliachia chuma, na mahali ulipoachia hapatabaki palepale. Kesho utakuwa umesogea. Nikiona utepe ndani ya wiki mbili za kwanza, na mwenye gitaa anaapa hakuvuta, naandika seti ile katika vitabu vyangu vya wabaya.

Tatu ni malengelenge, na haya huonekana kwa tochi tu. Laza mwanga karibu sawasawa na uzi. Utando mzima unarudisha mwanga mmoja mrefu. Penye lengelenge mwanga unavunjika, na ukikaza macho unaona weusi au rangi ya chai kwa ndani. Unyevu uliingia kwenye kidonda, ukanaswa chini ya shuka, na kutu inafanya kazi yake imefunikwa vizuri. Uzi wa hivyo unaweza kuwa msafi kwa mguso, hauna unyoya hata mmoja, na ndio umekufa kuliko ule wa kijana wangu.

Kabla ya kumlaumu mtengenezaji, tazama mkono. Katika muziki wetu wa dansi, sehemu ya kwanza ya wimbo haidhuru uzi. Mwimbaji anasimulia, besi inatembea. Chemko, ile sehemu ya pili yenye kasi, likianza, mpiga besi anasogea karibu na daraja, anakaza vidole, na wengine huingiza ukucha bila kujua. Ukucha wa kidole cha shahada ukizidi ncha ya nyama hata kidogo, utando hauna nafasi. Anayepiga kwa kidole gumba, kwa kuuchapa uzi dhidi ya freti, ataona kidonda mwisho wa shingo badala ya kwenye pikapu. Anayependa kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine ataona mchubuko mrefu tumboni, kama njia ya konokono. Kila kidonda kina mwenyewe. Kikitokea mahali ambapo mkono haufiki, kwa mfano katikati ya pikapu na daraja kwenye uzi wa E ambao hauugusi kabisa hapo, hapo ndipo pa kurudi dukani.

Halafu zima tochi, usikilize. Gusa uzi wa G juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, ucharaze, upate ile sauti ya kengele. Sasa ukandamize hapohapo, ucharaze tena. Kama siku ya kwanza sauti hizi zilipatana, na leo hazipatani wakati daraja halijaguswa, basi ujue uzito wa uzi umevurugika, manyoya yawepo yasiwepo. Kwa uzi wa E nina mtihani mwingine. E hiyo ikiwa wazi inatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika nyingi za kumbi zetu haziutoi vizuri mtetemo huo wa chini. Tunaitambua kwa sauti za juu zinazoambatana nao. Piga mara moja, uache, usikilize ukali unadumu kwa muda gani kabla haujabaki mvumo mtupu. Sikio husahau upesi, kwa hiyo siku ya kufunga nyuzi mpya mimi hurekodi zote nne kwa simu, kila moja peke yake. Baada ya mwezi sibishani na mtu.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti kubwa. Uzi wenye utando, hasa wa shuka, huanza maisha ukiwa umepungua ukali kidogo, kama uzi wa kawaida uliokwisha pigwa siku kadhaa. Kisha hukaa hapohapo muda mrefu. Kama hupendi pale unapoanzia, usinunue kwa kutumaini utabadilika. John Entwistle wa The Who alitaka besi inayong'aa kama piano, na nyuzi alizozifanyia kazi na Rotosound mwaka 1966 zilikuwa chuma kitupu. James Jamerson wa Motown alisimama mwisho mwingine kabisa: nyuzi za waya bapa, nene, ambazo anajulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Mmoja angeuona utando kama blanketi, mwingine angeuliza ni wa nini ikiwa uchafu wenyewe ndio aliokuwa akiutafuta. Utando ni kwa sisi wa katikati, tunaotaka Jumapili isikike kama Ijumaa.

Dukani, kipimo cha haraka ni ukucha. Upitishe taratibu kwa urefu wa uzi wa E. Uzi mtupu unakoroma, wa shuka unanong'ona, na wa waya uliopakwa uko kati yao. Ukiandikiwa "utando" kwenye pakiti na uzi ukakoroma kama msumeno, rudisha. Angalia pia karibu na kile kipete cha mwisho: ukiona madonge na rangi isiyo sawa, mkono wa aliyetengeneza ulikuwa na haraka. Feki nyingi nilizokutana nazo zimepakwa vanishi tu. Vanishi hujisema siku ya kwanza, uzi unapopinda kwenye kigingi: inapasuka na kuacha mistari myeupe. Utando halisi unapinda na chuma.

Matunzo hayana siri kubwa. Nawa mikono, futa kwa kitambaa kikavu ukimaliza. Ile desturi ya kuchemsha nyuzi sufuriani iachie nyuzi tupu, maana hapa unaingiza maji chini ya kila kidonda ulichonacho. Na unyoya usivutwe. Ukikukera, ukate kwa kikata kucha, sambamba na uzi, uache mzizi wake mahali pake.

Ndivyo tulivyofanya jioni ile. Uzi wa D tuliupunguza manyoya mawili marefu, basi. Wa G haukuwa na dawa, ule utepe ulikuwa umeshafika juu ya freti ya mwisho, na kila alipopiga tulisikia mkwaruzo. Ndani ya begi langu nilikuwa na G moja ya kawaida, isiyo na utando. Tukaifunga. Ikawa kali kuliko wenzake watatu, ikilia kama kijiko ndani ya glasi, na kijana akalazimika kuicharaza kwa nyama ya kidole tu, polepole, akiionea haya. Chemko lilipoanza akasahau. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ngoma, na taa zilipogeuka buluu niliyaona manyoya yaliyobaki kwenye D yakitetemeka.